Ubao Mwembamba kati ya Futi na Mita

Aliyeupigilia huo ubao ni mimi. Haya, chekeni tena.

Jana mmekuja hapa kibarazani, ninyi vijana mnaobadilisha milango ya bweni la wasichana, mkanitupia kipande cha ubao chembamba, cheusi kwa uzee, mkasema, "Babu, kuni hizo. Tumeukuta umepigiliwa kwenye fremu, sijui fundi gani alikuwa amelewa siku hiyo." Mkacheka wote, hata yule mwenye kofia ambaye msumeno anaushika kama mwiko wa ugali. Nikasimama. Mke wangu akanivuta shati kwa nyuma maana ananijua: uzee umeninyang'anya meno, hasira umeniachia. Nikawaambia ondokeni, mrudi kesho mkiwa na adabu.

Mmerudi. Vizuri. Basi kaeni, mama anawaletea chai, na huo ubao msiutie motoni. Uwekeni pale juu ya meza ya randa. Nitawaambia ulifikaje pale, na kwa nini tulikwenda mpaka bomani kuisumbua Serikali ya Mwingereza kwa ajili yake.

Mimi nimezaliwa milimani juu ya Mbeya. Shule sikuiona ndani, niliiona dirishani tu, nilipokwenda kutengeneza dirisha lenyewe. Kusoma nilijifunza kwenye masanduku ya misumari. Hesabu nilijifunza kwenye rula ya kukunja ya Fundi Lutengano, bwana wangu aliyenifundisha kazi. Rula hiyo alipewa ujana wake na mmisionari wa Kijerumani, siku zile kabla Mjerumani hajaondoka. Ilikuwa ya mti wa manjano, imechakaa kwenye viungo, na tarakimu zake alizipaka upya kwa wino kila zilipofutika. Ilikuwa ya mita. Sentimita kumi, ishirini, thelathini. Ukijua kuhesabu vidole vyako, umeshaijua.

Fundi Lutengano hakuwa mtu wa maneno. Ukikosea, hakugombezi. Anachukua ule ubao ulioharibu, anakupa, anasema, "Kalalie." Na kweli utalala nao kitandani, usiku mzima ukigeuka unakuchoma mbavuni. Mimi nimelala na mbao nyingi. Kuna wiki nililala na mguu wa meza. Lakini mtu mwingine akimsema vibaya bwana wangu, mimi nilikuwa namvaa kabla hajamaliza. Nilishapigana Chunya na wachimba dhahabu wawili kwa sababu walisema meza ya Fundi Lutengano inacheza. Haikuwa inacheza! Sakafu yao ndiyo ilikuwa na mashimo. Nilipigwa sana, lakini waliomba radhi.

Sasa, ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala. Hapa upande wa Iringa wakaanza kujenga shule ya bweni ya wasichana. Wasichana kulala shule, hilo jambo wazazi walikuwa hawajalizoea. Wakulima wetu, wawe wa Mbeya wawe wa huku, Walutheri kwa Wakatoliki, wote waliuliza swali moja tu: usiku mlango unafungwa na nani?

Mchungaji aliyesimamia jengo akatuagiza sisi wa Mbeya milango, kwa sababu mbao za mninga tulikuwa tunazitoa upande wa Chunya, na mninga ukikauka vizuri haupindi wala hauvimbi. Fremu akapewa fundi wa hukuhuku Iringa, mtu mmoja anaitwa Fundi Mhapa. Mchungaji alituonyesha ramani ya jengo kwa mita. Mlango mita mbili kwenda juu, sentimita themanini upana. Fundi Lutengano akatabasamu, maana hiyo ni lugha yake.

Lakini Serikali ilikuwa inasaidia kujenga. Kwa hiyo ofisi ya ujenzi ilichora ramani ileile upya kwa futi, na mlango ukasogezwa kwenye kipimo walichokizoea wao: futi sita na inchi nane kwenda juu, futi mbili na inchi nane upana. Hiyo ndiyo aliyoonyeshwa Fundi Mhapa. Hakuna aliyelala kazini. Hakuna mlevi. Kila mtu alifuata alichopewa. Fremu zikajengewa ukutani kabisa kwa matofali na saruji, nasi kule Mbeya tunapiga randa milango tukiimba.

Kabla sijaendelea, wewe mwenye kofia, niambie: ukienda kutengeneza mlango, unapima nini kwanza? Karatasi? Hapana. Unapima tundu, ile nafasi ya mlango ukutani. Unapima juu, katikati na chini, kwa sababu ukuta hudanganya katikati. Sisi hatukupima tundu kwa kuwa tundu lilikuwa Iringa na sisi tuko Mbeya, na barabara ya wakati ule ilikuwa siku nzima ya kumeza vumbi ukiomba daraja lisiwe limechukuliwa. Ninyi tundu liko mbele yenu, na bado mliagiza milango kwa simu. Nitarudi hapo.

Tukapakia milango kwenye lori, tumeifunga mablanketi kama wagonjwa. Juu ya milango akakaa mdogo wangu Tupokigwe, na sanduku lake la bati, anakwenda kuanza shule hiyohiyo. Pembeni yake akakaa baba yetu, tata, na fimbo yake, hataki kushuka hata lori likisimama. Tata alikuwa amekubali kwa shida. Kule nyumbani kulikuwa na mtu ameshamtaja Tupokigwe, mtu mzima mwenye ng'ombe wazuri, na tata alishaanza kumwita mkwe kabla binti hajaulizwa. Mama yetu ndiye aliyesema mtoto asome kwanza. Walibishana kuanzia mavuno mpaka kupanda. Mwisho tata akasema, "Nitakwenda mwenyewe nikauone huo mlango. Ukifunga, atalala. Usipofunga, ninarudi naye."

Makambako tuliposimama, mama mmoja muuza ndizi akachungulia ile mizigo ya mablanketi akasema, "Poleni jamani. Msiba wa nani?"

Tupokigwe akamjibu kutoka juu, "Wa ndoa yangu, mama."

Tata akajifanya hajasikia.

Tulipofika shuleni tukamkuta Fundi Mhapa anatungoja kwenye kivuli cha ukuta, mtu mrefu, shati amelifunga mpaka kifungo cha shingo. Akatusalimia, "Kamwene!" Tukaitikia. Tukatoa mlango wa kwanza, tukaubeba mpaka kwenye fremu, tukausimamisha.

Ukapita. Ndugu zangu, ule mlango ulipita kwenye fremu kama mtu anavyopita getini. Pembeni ikabaki nafasi ya kidole. Juu ikabaki vidole viwili. Mwanga unaingia, paka anaingia.

Fundi Lutengano akafungua rula yake, akapima mlango, akaikunja. "Kazi yangu iko sawa."

Fundi Mhapa akatoa futi yake ya chuma, akapima fremu. "Na yangu iko sawa."

Mimi nikadakia, "Fremu yako imekula sana, mzee!"

"Kijana," akasema Mhapa, taratibu, "mlango wako ndio umekonda. Huko Mbeya hamuwapi milango chakula?"

Nikamwendea. Fundi Lutengano akanyoosha mkono tu, akanizuia kifuani kama unavyozuia mbuzi. "Kalalie," akaniambia, na ubao wenyewe haupo.

Tata alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote. Akaingia ndani ya bweni, akatoka, akapitisha fimbo yake kwenye ile nafasi, ikapita yote. Akasema, "Mimi mita siijui, futi siijui. Ninajua mlango unaofunga na mlango usiofunga. Huu haufungi." Akamgeukia dreva. "Lori linarudi lini Mbeya?"

Dreva akasema anashuka Ruaha Mbuyuni kupakia vitunguu, akirudi atapita hapa, keshokutwa.

"Keshokutwa utatukuta barabarani," akasema tata. "Mimi na binti."

Tupokigwe hakulia. Alikaa juu ya sanduku lake la bati, akaanza kuchuna rangi yake kwa kucha. Mwalimu mkuu, mama mmoja wa Kihehe aliyekuwa na sauti ya kanisani, akaja akasema jambo lilelile: hatalala mtoto wa mtu bwenini mpaka komeo liingie kwenye tundu lake. Na wazazi wengine walishafika na mabinti zao, wanakaa uwanjani na vikapu, wanatazama milango yetu kama watu wanaotazama ng'ombe mgonjwa.

Hapo ndipo nilipopanda juu ya ile milango nikaanza kusema. Nani alinituma? Hakuna. Nilikuwa kijana, na mdomo ulikuwa unatangulia miguu. Nikasema: jamani, milango ni mizima, fremu ni nzima, kinachoumwa ni kipimo! Mjerumani alituletea mita, tukaijua. Mwingereza akaleta futi, tukaijua pia. Sasa nyumba moja ina mabwana wawili, na anayelala nje ni dada yangu. Twendeni bomani kwa Bwana DC tumwambie Serikali ichague kipimo kimoja. Na ichague mita, maana hata mimi ambaye sikusoma ninaijua!

Mzee mmoja uwanjani akasema, "Sisi kwetu tunapima kwa kamba. Kamba haina ugomvi."

"Sawa baba," nikamwambia, "lakini kamba ya Iringa huwezi kuisoma ukiwa Mbeya."

Watu wakacheka, lakini wakasimama. Kesho yake asubuhi tukaenda. Nikasema tubebe mlango mmoja, Bwana DC auone kwa macho. Tukaubeba kwa zamu, mninga huo, mzito kama dhambi, wazazi nyuma yetu, na baridi ya Iringa inatuuma masikio. Sokoni wanawake wakaacha kupanga nyanya.

"Mnahamia wapi na mlango bila nyumba?"

"Tunampelekea Bwana DC," nikawajibu. "Ofisi yake inaingiza baridi!"

Wengine wakatufuata tu kwa kutaka kuona mwisho wake.

Bwana DC alikuwa kijana kuliko nilivyodhani. Pua imebabuka jua. Kiswahili chake alikisoma kitabuni, kila neno limepigwa pasi. Akatoka nje barazani, akautazama mlango, akautazama umati.

"Wazee, mna shauri gani juu ya mlango huu?"

Fundi Lutengano akavua kofia. Bwana wangu, ambaye kwa wiki nzima alikuwa hasemi maneno yanayojaa kikombe, siku hiyo alisema. Alisema, "Bwana, mimi ni seremala. Nimefanya kazi yangu sawa. Mwenzangu huyu amefanya yake sawa. Zikikutana hazifungi. Mtu akikosea tunaweza kumrekebisha. Sisi hatujakosea, basi hatuna wa kumrekebisha isipokuwa Serikali. Tunaomba kipimo kimoja kwa nchi nzima. Tunaomba mita, kwa sababu inahesabika kwa vidole na watoto wataijua upesi."

Nilidhani Fundi Mhapa atasimama kuitetea futi yake. Nilikuwa nimeshakunja mikono ya shati. Akasimama kweli, akafunga tena kile kifungo cha shingo, akasema:

"Bwana, mimi nimefundishwa futi katika shule ya ufundi ya Serikali. Ninaipenda, nimeishi nayo. Lakini ninafundisha vijana. Nikiwaambia inchi, wanaelewa. Nusu inchi, wanaelewa. Robo, wanaanza kutazamana. Nikifika nusu ya robo, na nusu ya hiyo tena, mmoja anaomba ruhusa kwenda chooni na harudi. Huyu mgeni wangu kutoka Mbeya yeye anasema milimita tatu, amemaliza. Mimi ni mtu wa futi, na ninaomba mita."

Mimi, badala ya kunyamaza na kumshukuru Mungu, nikadakia: "Mjerumani alikuja na mita akaondoka. Ninyi mmekuja na futi. Na ninyi mkiondoka, atakayekuja naye tumbomolee ukuta?"

Fundi Mhapa akanikanyaga mguu. Si kwa bahati mbaya. Karani wa Bwana DC akaacha kuandika, akamtazama bwana wake aone kama amkamate mtu.

Bwana DC hakukasirika. Aliingia ndani, akatoka na rula kutoka mezani kwake, akainama, akapima mlango wetu mwenyewe. Akapima upande huu, akaigeuza rula, akapima tena. Akacheka. Akatuonyesha: upande mmoja wa rula yake ulikuwa na inchi, wa pili sentimita.

"Hata rula yangu haijaamua," akasema. "Wazee, nitaliandika shauri lenu liende Dar es Salaam. Dar es Salaam wataliuliza Uingereza. Lakini sipendi kuwadanganya. Haliwezi kuwa mwaka huu. Labda haliwezi kuwa katika wakati wangu."

"Na mlango, Bwana?" akauliza Fundi Lutengano.

"Mlango," akasema Bwana DC, "ni kazi ya mafundi."

Tukaubeba mlango kurudi. Wakati wa kwenda nilisema ni mzito kama dhambi. Wakati wa kurudi, ongezeni.

Njia nzima nilikuwa natukana, lakini wale wazee wawili mbele yangu walikuwa wanatembea pamoja, wanaongea. Nilisogea nisikilize. Walikuwa hawaongei Serikali wala mita. Walikuwa wanaongea ubao. Kipande chembamba, upana wa kidole, kijazie pembeni. Kingine cha vidole viwili juu. Kazi ya asubuhi moja kwa bweni zima.

Mnaona ni rahisi? Ninyi mnaona ni rahisi kwa sababu hamkuwepo. Ubao ulipopatikana ndipo ugomvi ulipoanza, maana swali likawa: unapigiliwa wapi? Ukiupigilia kwenye mlango, kila atakayeutazama atasema mlango wa Mbeya ulikuwa mfupi, ukaongezewa. Ukiupigilia kwenye fremu, atasema fremu ya Iringa ilikuwa pana, ikapunguzwa. Fundi anaweza kusamehe deni, anaweza kusamehe matusi. Kiraka kwenye kazi yake ambayo haina kosa, hicho hakisameheki. Mimi nilisema waziwazi: yeyote atakayegusa mlango wa bwana wangu kwa msumari, atanigusa mimi kwanza. Na vijana wa Fundi Mhapa nao wakasimama mbele ya fremu zao, na nyundo mikononi.

Kwa hiyo ile asubuhi ya mwisho, lori likiwa njiani kutoka Ruaha Mbuyuni, vipande vimeshapigwa randa, vizuri, vinang'aa, viko chini, na hakuna anayeviinua. Jua linapanda. Tata ameshatoa sanduku la Tupokigwe barabarani. Binti amekaa juu yake, ametupa mgongo.

Fundi Mhapa alimtazama yule mtoto. Kisha akainama, akachukua ubao wa kwanza, akauweka kwenye fremu yake mwenyewe, pembeni kabisa, akautuliza kwa kiganja.

"Pigilia kwangu," akasema.

Vijana wake wakaguna. "Fundi!"

"Nyamazeni. Hawa ni wageni. Mgeni hakai na kiraka nyumbani kwangu." Akanigeukia mimi. "Wewe mwenye mdomo. Nyundo unajua, au unajua kuhutubia tu?"

Nikapiga magoti pale. Nilichukua msumari, nikaugeuza, nikagonga ncha yake kidogo kuibutua, hivi, kwa sababu msumari wenye ncha kali unapasua ubao mwembamba, na ulio butu unapita taratibu. Hilo nalo mlichukue bure. Nikapigilia. Fundi Lutengano hakusema asante. Alikuja na patasi yake, akachimba mwenyewe tundu la komeo kwenye ile fremu ya mwenzake, akalichimba kwa uangalifu kiasi kwamba ukipitisha kidole hadi leo husikii ukingo. Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake, na Fundi Mhapa aliipokea.

Tulipomaliza mlango wa kwanza, lori lilishafika, linanuka vitunguu, dreva anapiga honi. Tata akaja. Akamwita Tupokigwe, akamwingiza ndani ya bweni, akamwambia, "Funga." Tukasikia komeo linaingia: tak. Tata akausukuma mlango kwa mkono. Akausukuma kwa bega. Kisha akaniambia mimi, "Wewe una nguvu za kupigana na watu wa Chunya. Haya, pigana na huu."

Nikarudi nyuma, nikaenda kwa kasi, nikaupiga mlango kwa bega hili la kulia. Bega hili mpaka leo ikija mvua linajua kabla ya redio. Mlango haukusogea. Ndani tukasikia Tupokigwe anacheka, mara ya kwanza tangu Makambako.

Tata akapitisha fimbo yake pembeni, akatafuta ile nafasi. Akatafuta juu. Akatafuta chini. Fimbo haikuona njia. Akauambia ule ubao, si binti, "Haya. Kaa vizuri." Akapanda lori, akakaa juu ya vitunguu, akaondoka bila kugeuka. Nilimwona anajifuta macho, na hata sasa nasema ni vitunguu, maana ni baba yangu.

Ninyi mnauliza, na Serikali je? Tuliendelea kuisumbua. Kila palipokuwa na baraza, Mbeya au Iringa, mmoja wetu alisimama. Tukaongezeka: washona nguo waliochoka na yadi, waashi, mkulima mmoja wa Ilula ambaye sijui mita ilimhusu nini lakini alipenda kusimama. Watu wakatuita "watu wa mita." Bwana DC mmoja aliyekuja baadaye, tukinyoosha mkono tu, alikuwa anasema, "Na mita, naijua, kaeni." Tulikaa. Baraza lijalo tunasimama tena. Sisi hatukuwa na magari wala magazeti. Tulikuwa na kusimama tu.

Uhuru ukaja, na miaka kadhaa baadaye Serikali yetu wenyewe ndiyo iliyoleta mita na kilo. Nilisikia redioni nikiwa hapa Iringa, maana nilishabaki huku. Fundi Mhapa alinipa kazi, halafu akanipa binti, huyo anayewamiminia chai na ambaye mpaka leo anapima unga kwa ratili badala ya kilo ili kunikasirisha. Nilipanda basi mpaka Mbeya kumpelekea bwana wangu habari. Alikuwa mzee sana, macho hayaoni mbali. Nikamwambia, "Fundi, wamekubali. Nchi nzima mita." Akaipapasa rula yake mfukoni, akasema, "Walikuwa na haraka gani?" Akacheka mpaka akakohoa. Fundi Mhapa naye alipopata habari alilalamika wiki nzima kwamba sasa anaanza kazi upya, na huyohuyo ndiye aliyeiomba mbele ya Bwana DC.

Tupokigwe alilala bweni lile mpaka akamaliza. Akawa mwalimu. Mita hiyo aliwafundisha watoto wengi, na akiwa na hasira darasani alikuwa anawaambia, "Kalalie." Neno hilo alilitoa wapi, hajui mtu ila mimi.

Na ninyi, wajukuu wa mita, jana nilimsikia huyu mwenye kofia anamwambia mwenzake, "Nipe futi," halafu anasoma sentimita. Mnaenda dukani mnaagiza mbao mbili kwa nne na msumari wa inchi tatu. Tulisimama mabarazani miaka yote ile kwa ajili yenu! Haya, nimenyamaza. Mama ananitazama.

Sasa turudi kwenye ile simu yenu. Milango yenu mipya imekuja, nimeiona kwenye gari, mizuri, inang'aa. Mita mbili kwa sentimita themanini, sivyo? Nilijua. Na fremu zilizoko ukutani ni zilezile za Fundi Mhapa, futi sita na inchi nane, hazijasogea na hazitasogea. Ndiyo maana mmekaa kimya tangu niliposema nafasi ya kidole. Mmeshajaribu kuusimamisha mmoja, si ndiyo? Umepita.

Basi chukueni huo ubao, ufuteni vumbi, mrudi nao kabla wasichana hawajatoka darasani. Vile vingine mlivyotupa nyuma ya jiko, viokoteni vyote. Misumari ibutueni ncha kwanza. Na mnapopigilia, pigilieni kwenye fremu. Mzee aliruhusu.